Nani Aliyepanda Muhogo? Chakula cha Fizi na Baraka katika Kumbukumbu za Kongo za Che Guevara

1.0 Utangulizi

Kumbukumbu alizoandika Ernesto Che Guevara juu ya miezi aliyokaa mashariki mwa Kongo mwaka 1965 zimezoeleka kusomwa kama habari za vita. Msomaji hutafuta humo mapigano, ugomvi wa viongozi na sababu za kushindwa; na mwandishi mwenyewe humwelekeza huko, kwani tangu mwanzo anatangaza kwamba anasimulia habari za kushindwa. Makala haya yanakusudia kukisoma kitabu hicho kwa swali jingine: watu wale walikula nini, na chakula hicho kilitoka mikononi mwa nani?

Swali hili si la pembeni. Fizi na Baraka, katika Kivu ya Kusini, ni nchi ya wakulima, wafugaji na wavuvi, na kila aliyepigana pale, wa upande wowote ule, aliishi kwa jasho lao. Hoja yetu ni kwamba kitabu kinamwona mkulima wa Fizi kama mtu wa kushawishiwa kisiasa, na wakati mwingine kama ghala la posho, lakini ni mara chache sana kinapomwona kama mzalishaji mali. Upungufu huu, kwa maoni yetu, unaeleza kushindwa kule kwa kina kuliko mwandishi mwenyewe alivyokusudia.

2.0 Matini na mazingira yake

Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kufika Kibamba, kusini mwa Baraka, tarehe 24 Aprili 1965. Aliongozana na Wakuba wachache. Wengine walifuata hadi wakawa zaidi ya mia moja. Majina yao ya kificho yalitokana na Kiswahili: Víctor Dreke akaitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na Guevara mwenyewe akaitwa Tatu. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kumfundisha lugha. Baraka ilitekwa na askari wa kukodiwa wa Mike Hoare mwishoni mwa Septemba, Fizi ikaanguka mwezi Oktoba, na tarehe 21 Novemba Wakuba walivuka ziwa kurudi Kigoma. Guevara aliandika kumbukumbu hizi akiwa amejificha katika ubalozi wa Kuba mjini Dar es Salaam, lakini matini kamili hayakuchapishwa hadi mwaka 1999.

Kwa hiyo, ingawa lugha yake ni Kihispania, kitabu hiki kilizaliwa katika mazingira ya Kiswahili. Maneno ya Kiswahili yanayokumbukwa zaidi na wasomaji wake ni yale ya hesabu zilizogeuzwa majina, ni dawa ya kuzuia risasi, ni mganga, na ni pombe. Haya ni maneno ya kambini. Maneno ya shambani, kama vile kuvundika, kuanika na kutwanga, hayakupewa uzito kama huo, ijapokuwa ndiyo yaliyoiweka kambi hai.

3.0 Kikapu cha muhogo

Kuna tukio moja ambalo, kwa mtazamo wetu, ndilo kitovu cha kitabu. Kuelekea mwisho wa vita, Guevara anawakusanya wapiganaji wa Kikongo waliomchosha kwa kukataa kazi, na kuwakemea vikali kwa Kifaransa, huku mkalimani akifasiri kwa Kiswahili. Anawatisha kwamba atawavisha sketi na kuwabebesha muhogo kwa vikapu, kazi ambayo yeye mwenyewe anaieleza kuwa ni ya wanawake. Na anaongeza kwamba afadhali angekuwa na jeshi la wanawake. Wapiganaji wanamtazama na kuangua kicheko. Mwandishi anakichukulia kicheko hicho kama dalili ya ujinga wa kitoto usio na hila.

Tukio hili lastahili kusomwa upya. Kwanza, tusi lile lilipita katika lugha tatu: lilifikiriwa kwa Kihispania, likatamkwa kwa Kifaransa, likawafikia walengwa kwa Kiswahili. Mwandishi hatuambii mkalimani alisema nini hasa, na bila kujua hilo hatuwezi kuwa na hakika kwamba kilichochekwa ni kile kilichosemwa. Pili, na hili ni zito zaidi, tusi lenyewe linatoa ushahidi ambao mtoaji hakukusudia kuutoa. Linakiri kwamba mwandishi alikuwa akiwaona wanawake wakipita na vikapu vya muhogo. Alijua nani alikuwa akilibeba jeshi mgongoni. Lakini ujuzi huo unaingia katika matini kama aibu ya kumtupia mwanamume mvivu, na kikapu kinabaki kuwa kipimo cha udhalili badala ya kuwa jambo la kuchunguzwa.

Tukio hili lina pacha wake mapema zaidi katika kitabu. Wapiganaji wanapotakiwa kupandisha mizigo ya chakula kutoka ufukweni hadi kambi ya juu mlimani, wanakataa wakisema kwamba wao si magari. Baadaye wanakataa wakisema kwamba wao si Wakuba. Msomaji hucheka hapa. Hata hivyo, jibu lile lina historia. Katika njia za misafara ya karne ya kumi na tisa, na tena chini ya utawala wa Ubelgiji, kubeba mizigo ya wenye nguvu kulikuwa alama ya mtu asiye na uhuru. Kijana aliyepewa bunduki aliamini kwamba ameivuka hali hiyo. Mzigo alioukataa haukutoweka. Uliishia kichwani mwa Mkuba, au mgongoni mwa mkulima na mkewe.

4.0 Muhogo na mwendo wa vita

Ili kuelewa uzito wa kikapu kile, yafaa tulitazame zao lenyewe. Muhogo hukomaa kwa muda wa miezi tisa hadi kumi na minane, na nyanda za juu zenye baridi huuchelewesha zaidi. Ukishakomaa, waweza kuachwa ardhini kwa miezi kadhaa bila kuharibika, ukang'olewa kidogo kidogo. Sifa hii humfaa sana mkulima aliye hatarini: akikimbia, ghala lake hubaki udongoni, halichomeki moto wala halibebeki mara moja. Lakini sifa hiyohiyo humfaa mporaji, ambaye hula leo jasho la mwaka uliopita bila kulazimika kufikiria mwaka ujao. Jeshi lililokaa Fizi miezi saba lilikuwa na muda wa kuvuna tu. Halikuwa na muda wa kupanda shina moja na kulila.

Zaidi ya hayo, muhogo mchungu hauliki ulivyo. Sharti umenywe, uvundikwe majini siku tatu au nne ili sumu yake itoke, uanikwe, utwangwe na uchekechwe ndipo upatikane unga wa bukari. Majani yake nayo hutwangwa na kupikwa muda mrefu ili kuwa sombe. Kazi yote hii huhitaji maji ya karibu, jua, kuni, na siku kadhaa za utulivu. Ndege za kivita zikipita, au kijiji kikihama kwenda msituni, kinachokatika kwanza ni mlolongo huu wa siku nne. Jeshi linalojivunia bunduki zake lilitegemea shimo la maji ambamo mama mmoja alivundika muhogo wake, na kumbukumbu hizi, zilizo makini sana katika kuhesabu silaha, hazina sura ya shimo hilo.

Kwa upande mwingine, ni haki kumsifu mwandishi mahali anapostahili. Katika tathmini yake ya mwisho anasema waziwazi kwamba jeshi la ukombozi lilikuwa jeshi la kupe: halikufanya kazi, halikujifunza vita, halikupigana, na bado liliwadai wananchi chakula na utumishi, mara nyingine kwa ukali mkubwa. Ni waandishi wachache wa vita waliowahi kulisema jeshi lao wenyewe namna hiyo.

5.0 Swali lililo bora kuliko jibu lake

Katika tathmini hiyohiyo Guevara anauliza: jeshi la ukombozi lingeweza kumpa nini mkulima huyu? Anakiri kwamba hakuweza kuahidi mgawo wa ardhi, kwa kuwa ardhi ilikuwepo na kila mtu aliiona. Hakuweza kuahidi mikopo ya zana, kwa kuwa mkulima alilima kwa jembe lake na kula alichokilima. Anapendekeza bidhaa za viwandani zipelekwe kubadilishwa na mazao. Hili ndilo swali bora kuliko yote katika kitabu, na linamheshimisha aliyeliuliza.

Jibu, hata hivyo, lilikuwa mbele ya macho yake mjini Baraka. Katika ziara yake alikiona kiwanda kidogo cha pamba kilichoharibiwa kwa mabomu, akakichukua kama masalia ya ustawi uliopita. Kwa mkulima, kiwanda kile kilikuwa na maana nyingine. Katika Kongo ya Wabelgiji pamba ilikuwa miongoni mwa mazao ya lazima, kwa sheria zilizoanza mwaka 1917. Agizo la mwaka 1933 liliruhusu mkulima atumikishwe siku 60 kwa mwaka katika mazao hayo, na mwaka 1942, kwa ajili ya vita, siku hizo zikafikishwa 120. Pamba hailiwi. Kila siku iliyotumika katika pamba iliondolewa katika siku za muhogo, mahindi na maharage.

Kwa hiyo mkulima wa huko hakuporwa ardhi. Aliporwa siku zake na mavuno yake. Mwanamapinduzi aliyezoea kumpima mkulima kwa kigezo cha umilikaji wa ardhi, kama ilivyokuwa Kuba, hakuona cha kumpa. Kumbe angeweza kumpa kitu ambacho utawala uliotangulia haukumpa: hakikisho kwamba siku zake ni zake na kwamba kilicho shambani hakitang'olewa na mwenye silaha. Jeshi la kupe lilifanya kinyume chake. Lilirithi madai ya mkoloni bila hata kurithi kiwanda chake.

6.0 Lugha ya "kupatikana"

Tatizo hili si la Guevara peke yake, wala si la Kihispania. Tawasifu ya Kiswahili ya Tippu Tip, iliyotolewa kwanza na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya ishirini na kuhaririwa upya na W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo ni matini ya watu wanaopita. Humo chakula hujitokeza kinapokuwa tele au kinapokosekana. Aliyekipanda ni nadra kuwa na jina. Sarufi yetu yenyewe huwasaidia wasimulizi wa namna hii. Tukisema chakula "kilipatikana", kauli ya kutendeka haituruhusu kumtaja mtenda. Tukisema "kilipandwa", tayari swali "na nani?" linabisha hodi. Atakayekifasiri kitabu cha Guevara kwa Kiswahili atalazimika kuchagua baina ya vitenzi hivi karibu katika kila ukurasa, na uchaguzi wake utakuwa uhakiki.

Lugha hiyo imeendelea kutumika juu ya watu walewale. Tangu Novemba 1996, wengi waliokimbia vita Fizi wameishi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, wakila mgao. Na tangu 2015 Fizi yenyewe imewapokea wakimbizi wa Burundi huko Lusenda. Katika istilahi za misaada chakula "hufika", "hupungua" na "hugawiwa", na anayekila huitwa mlengwa. Msaada umeokoa maisha, na hatuubezi. Lakini kijana aliyezaliwa kambini husikia habari za chakula bila kumsikia mkulima, ilhali mama yake alikuwa mkulima, na ng'ambo ya ziwa masoko ya Baraka yamelishwa kwa muhogo, mawese, ndagala na mikeke, ambayo Kigoma huitwa migebuka, vyote kutoka mikononi mwa watu.

7.0 Hitimisho

Kitabu cha Guevara kinabaki kuwa matini muhimu kwa yeyote anayechunguza Fizi na Baraka, na ukweli wake mchungu juu ya jeshi lake unakipa thamani ya kudumu. Kasoro yake kubwa ni kwamba mtu aliyelilisha simulizi zima anaonekana humo mara moja tu kwa uwazi, naye anaonekana ndani ya tusi.

Kazi iliyobaki ni yetu. Wapo hai bado, Baraka, Fizi na Nyarugusu, wazee na akina mama waliokuwa vijana mwaka 1965, na idadi yao hupungua kila mwaka. Wanafunzi wetu wanaotafuta mada za tasnifu waende wakawarekodi kwa Kiswahili cha huko na kwa Kibembe: walipanda nini mwaka ule, walivundika wapi muhogo wao vita vilipokaribia, nani alikuja kuuchukua, na walimwambia nini. Simulizi hizo zikipatikana, au tuseme sawasawa, zikikusanywa na watu wenye majina kutoka kwa watu wenye majina, ndipo kumbukumbu za Tatu zitakapoweza kusomwa pamoja na za wale waliomlisha.