Kuhama na Kuhamia

Msomaji, zipime sentensi hizi: "Wafula alihama Kitale" na "Wafula alihamia Kitale." Mtendaji ni yule yule, na mji ni ule ule, lakini katika ya kwanza Kitale ndiko alikotoka, na katika ya pili ndiko alikokwenda. Jina la mji halikubadilika. Kitenzi ndicho kilichoongezewa herufi moja tu.

Mwandishi mzembe huliona kosa hili dogo. Baada ya uhuru wa 1963, watu wengi wa Bungoma walihamia mashamba ya Kitale. Ukiandika "walihama," umewaondoa katika ardhi waliyoipata. Vivyo hivyo, aliyekimbia Bungoma na aliyekimbilia Bungoma hawatafutwi mahali pamoja. Basi usiilaumu lugha; kichunge kitenzi chako.