Kabla Mguu Haujagusa Mpira

Mguu ukikutana na mpira, hukaa nao kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Kamera ya picha 10 kwa sekunde, ambayo wengi wetu tungeiita ya kasi, huacha sehemu nzima ya kumi kati ya picha moja na nyingine. Piga hesabu: ukibana kitufe na kumwachia Mungu, mara tisa kati ya kumi utaondoka na mguu unaouendea mpira na mpira uliokwisha kuuaga mguu, basi. Picha yenyewe imepita katikati.

Kwa hiyo mtu anayerudi kutoka uwanja wa shule na picha iliyotulia, nyuzi za viatu zinahesabika na mpira umebonyea kwenye kiatu, mimi namvulia kofia. Namvulia zaidi akiwa ametoka kwa watoto. Mshambuliaji wa Ligi Kuu ana mazoea yake. Ukishamwona mara mbili akikata kuingia ndani, ya tatu unaisubiri. Mtoto wa miaka 13 hana mazoea. Anaweza kuupiga upepo, kujikanyaga, au kusimama katikati ya shambulizi kumtafuta mwalimu wake kwa macho. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ya shule za msingi na za sekondari Tanzania, yana vipaji vya kweli, lakini pia yana vumbi, jua la kiangazi na wachezaji ambao wenyewe hawajui watafanya nini sekunde ijayo.

Yupo mpiga picha ninayependa kumtazama akiwa kazini. Hukaa chini kabisa, juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na kibendera cha kona, jua la alasiri likiwa mgongoni. Wenzake waliosimama wanapata visogo na udongo. Yeye anapata nyuso, na nyuma ya nyuso anapata miti ya mbali badala ya miguu ya watazamaji. Kisha anatazama mabega. Bega likishuka upande mmoja, mtoto anageukia huko. Kipa akikunja magoti, ataruka sasa hivi. Winga akitupa jicho golini, krosi inakuja. Mpira wenyewe haumshughulishi sana, maana anayeusubiri mpira amechelewa: jicho likiona, kidole huitikia baada ya kama robo ya sekunde, na shuti la mita 20 kwa sekunde linakuwa limeshatembea mita 5.

Mitambo nayo ina sheria zake. Kasi ya shata anaianzia 1/1000 ya sekunde. Mtoto anayekimbia mita 6 kwa sekunde, ukimpiga kwa 1/250, anasogea zaidi ya sentimita 2 shata ikiwa bado wazi, na uso wake unapakaa kama rangi mbichi. Kwa 1/1000 anasogea milimita 6 tu. Mguu unaopiga mpira una haraka kuliko mwili unaoubeba, kwa hiyo mwanga ukiruhusu anapanda hadi 1/2000. Ila mwanga haukopeshi: ukikata muda nusu, umekata na mwanga nusu. Analipia kwa kufungua lenzi hadi f/2.8 na kupandisha ISO mpaka chembechembe zianze kuonekana vivulini.

Hapo kwenye f/2.8 ndipo ninapostaajabu. Kwa lenzi ya milimita 200, mtoto akiwa mita 10 mbele yake, eneo lote linaloonekana sawasawa lina kina cha sentimita 40 hivi. Mguu ukitangulia na kichwa kikibaki nyuma, kimoja kinaingia kwenye ukungu. Naye mtoto anamjia mbio, kwa hiyo zile sentimita 40 lazima zisafiri pamoja naye. Kamera ina namna ya kufokasi mfululizo, lakini haijui ni nani muhimu. Ikikuta wavu wa goli au wingu la vumbi, inaling'ang'ania hilo. Ameihamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma, chini ya dole gumba, ili kidole cha shahada kisiwe na kazi nyingine zaidi ya kupiga. Refa akikatiza mbele, dole gumba linaachia. Refa akipita, linabana tena.

Kwenye netiboli hupumua kidogo. Mchezaji akiushika mpira ana sekunde 3 tu za kuuachia na haruhusiwi kutembea nao, kwa hiyo mchezo wenyewe unampa vituo. Halafu kuna kuruka. Nusu ya muda wote ambao mtu yuko hewani huishia kwenye robo ya juu ya mruko wake. Ndiyo maana binti anayedaka pasi huonekana kama ameganda kule juu. Mpiga picha huyu humwacha apande, humpiga akifika kileleni, na hapo hata 1/500 inatosha.

Jezi nyeupe anazichukia. Ukiiachia kamera ipime mwanga yenyewe, nguo nyeupe zinaidanganya, inapunguza, na nyuso nyeusi zinazama. Anapima uso wa mtoto kabla ya filimbi, anaweka namba zake kwa mkono, na kuzirekebisha kadiri jua linavyoshuka. Uwanja wa udongo mwekundu ambao wengine wanaulalamikia humsaidia, kwani hurudisha mwanga chini ya paji la uso, machoni.

Mechi ikiisha watoto wanamzonga. "Anko, umenipata?" Anawaonyesha kidogo, kisha anakaa chini ya mwembe kuchuja. Zilizopakaa zinafutwa, na pia zile ambazo bukta imeteremka au mtoto analia kwa aibu, hata ziwe safi namna gani. Hilo halimo kwenye mafunzo ya kamera, ila ningemwajiri kwa hilo peke yake. Kisha anazikuza zilizobaki na kukagua kope. Kope zikisomeka, picha inabaki, hata kama mpira umekatwa na ukingo. Walimu wengi wangependa mpira uonekane, na wanamwambia. Anawatumia zote mbili, yenye kope na yenye mpira, kwa WhatsApp, kama dokumenti, maana zikienda kama picha za kawaida zinabanwa na kope zinapotea.