Mto Usiotajwa: Tana katika Utenzi na Wimbo

Mhakiki anayeutafuta Mto Tana katika fasihi ya Kiswahili kwa kulifuata jina lake hupata kidogo mno. Huu ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, nao husafiri kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Nyandarua na Mlima Kenya hadi Kipini. Hata hivyo wanafunzi wengi wa fasihi wanaufahamu zaidi Honia, mto wa kubuniwa katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya 1965. Tana huwafikia magazetini tu, mafuriko yanapotokea au maji yanapopungua Masinga na Kiambere. Ni rahisi basi kudai kwamba haukuacha alama katika sanaa ya umma. Dai hilo lina kasoro ya mbinu: huhesabu majina, halisikilizi.

Yatazamwe masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa aliyatungia utenzi mwaka 1913. Shujaa huyu huhusishwa na nchi ya Ozi, na kaburi lake husemekana kuwa karibu na Kipini. Maadui zake wanapanga hila ya kukwea mikoma kwa zamu, ili wampige mishale akiwa juu. Yeye anaziangua koma kwa mshale, miguu yake ikiwa chini. Mkoma huota sana katika nchi hiyo ya mto, na msikilizaji wa huko hahitaji kuambiwa yuko wapi. Lakini akiisha kuchomwa na mwanawe, Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde na kufa vivyo hivyo, na watu wanashindwa kuteka maji kwa kumwogopa mfu. Kwa nini kisima, wala si mto? Pengine kwa sababu jicho la utenzi ni la mji wa mwambao, uliokunywa maji ya kisima na kuuona mto kuwa nchi ya wakulima. Ni kweli kwamba Ozi ya zamani haikuwa mlango wa Tana. Mfereji wa Belezoni ndio ulioiunganisha mito hiyo katika karne ya 19. Hoja hiyo yapunguza nguvu ya fasiri hii, haiiondoi.

Hao wakulima, Wapokomo, ndio waliolipa taifa sauti yake. Wimbo wa Taifa wa 1963 unafuata lahani ya wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto. Kamati iliyokuwa na akina Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi ilihifadhi lahani, ikatunga maneno mapya ya dua. Mama na mtoto wakatoka. Hapana ubaya katika kuazima. Mashairi ya Kiswahili yenyewe yamejengwa juu ya bahari zilizorithiwa. Lawama ni ya wahakiki, ambao huutaja wimbo wa Kipokomo kuwa chimbuko, kisha wakauacha pale pale, kana kwamba fasihi simulizi ni ghala la malighafi. Udhuru wa lugha haukubaliki. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili, Kimijikenda na Kikomoro katika kundi ambalo wanaisimu wameliita Sabaki, jina ambalo lenyewe ni la mto jirani.

Kazi iliyopaswa kutangulia ni ya fani. Wimbo uliokusudiwa kumlaza mtoto sasa huimbwa na watu waliosimama wima, wakiongozwa na tarumbeta. Sauti moja iliyo karibu na sikio imekuwa kundi uwanjani. Mwendo uliofuata pumzi ya mlezi unafuata fimbo ya kiongozi wa bendi. Uchunguzi wa lahani peke yake hautatosha hapa, maana maneno mapya yana mizani yake, na silabi za Kiswahili sanifu hazianguki palepale zilipoanguka za Kipokomo. Atakayezilinganisha tungo hizo mbili silabi kwa silabi itambidi aanzie Ngao au Garsen, kwa bibi anayeujua wimbo wa kwanza na mjukuu anayeuimba wa pili kila siku ya gwaride shuleni.