Machozi ya Mtazamaji kama Hoja ya Kihakiki: Mwitiko Binafsi katika Filamu ya Supa Modo (2018)

Tahakiki nyingi za filamu zinazoandikwa kwa Kiswahili vyuoni zimerithi vigezo vyake kutoka uhakiki wa riwaya na tamthilia. Mhakiki huainisha dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, kisha huhitimisha kwamba filamu imefaulu kufikisha ujumbe kwa jamii. Jamii hiyo iliyofikishiwa ujumbe haionekani popote. Haijulikani ilicheka wapi, ilinyamaza wapi, wala nani alinyanyuka kabla ya mwisho na kwa nini. Mwitiko wa mtu aliyeketi akatazama huchukuliwa kuwa jambo la barazani, lisilo na nafasi katika maandishi ya kitaaluma. Hofu hiyo ina sababu. Mtahini akikutana na sentensi isemayo kwamba filamu ilimliza mtazamaji, ana haki ya kuuliza machozi hayo yanathibitisha nini.

Makala haya yanalichukua swali hilo la mtahini kwa uzito wake. Hoja inayotetewa ni kwamba mwitiko binafsi unaweza kuwa ushahidi wa kihakiki, mradi ionyeshwe ulizaliwa katika tukio gani la filamu na kwa mbinu gani. Filamu ya Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2018, inafaa kuijaribia hoja hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni filamu inayowaliza watu, na wapo wanaoishuku kwa sababu hiyo hiyo. Pili, yenyewe inahusu watu wanaotazama filamu.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Jo, binti wa miaka tisa, ana ugonjwa usiotibika. Anaondolewa katika kituo cha tiba shufaa alikokuwa akilelewa na watoto wenzake wagonjwa, na kurejeshwa kijijini Maweni ili amalizie siku zake nyumbani. Anachokipenda ni filamu za mapigano na za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na ndoto yake ni kuwa mmoja wao. Mama yake, Kathryn, ni mkunga. Anataka mtoto apumzike. Dada yake, Mwix, anaona kwamba kupumzika ni kungojea kifo kitandani, hivyo anaanza kumfanya Jo aamini kwamba nguvu hizo anazo. Kichupa cha chumvi kinasogea mezani. Baadaye kijiji kizima kinaingizwa katika igizo hilo, na hatimaye watu wa Maweni wanatengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake.

Jambo la kuzingatia mapema ni nafasi ya Mike, kijana anayeonyesha filamu kijijini huku akizisimulia kwa sauti yake mwenyewe. Mtazamaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa mtu huyo ni nani. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam na mikanda iliyotoka humo, jina la Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, lilitosha kuiuza filamu ya Kihindi au ya Kichina kwa mtu asiyejua neno moja la lugha hizo. Nchini Kenya DJ Afro amefanya kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili cha mitaani, akiwabatiza wahusika majina mapya, akiwacheka, akiwaonya juu ya adui aliyejificha nyuma ya mlango. Kuwaita wasanii hawa watafsiri ni kusema nusu ya kazi yao. Wao ni watazamaji waliopewa kipaza sauti. Wanachokitoa ni mwitiko wao binafsi, unaotolewa papo hapo, na hadhira hulipa kiingilio kuusikia mwitiko huo pamoja na filamu yenyewe.

Hapa nadharia ya fasihi simulizi inasaidia kuliko nadharia nyingi za filamu. Mulokozi (1996) anaieleza fasihi simulizi kuwa tukio linalowakutanisha fanani, hadhira na fani inayotendwa, mahali fulani na kwa wakati fulani. Hadhira ikiondolewa, tukio halipo. Msimulizi wa ngano husema paukwa, naye hawezi kuendelea mpaka aitikiwe pakawa. Ukumbi wa Mike umejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Filamu imetoka mbali, imekamilika, haibadiliki. Lakini kinachotokea ukumbini hubadilika kila jioni kwa kadiri ya sauti ya msimulizi na vicheko vya waliokaa mbele yake. Mhakiki anayeichambua filamu kama andiko lililofungwa anaichambua sehemu ile tu inayoweza kusafirishwa ndani ya kasha. (Nairobi Half Life ya mwaka 2012 iliwahi kuligusa jambo hili kwa namna nyingine: Mwas huuza filamu kijijini kwao kwa kuziigiza mbele ya wapita njia. Mnunuzi hushawishiwa na mwitiko wa muuzaji kabla hajaiona picha hata moja.)

Kwa msingi huo linaweza kuulizwa swali gumu zaidi: mtazamaji wa Supa Modo anapolia, analia kwa sababu gani, na je, amehadaiwa?

Shutuma ya kwamba filamu hii inatia huruma kwa makusudi haiwezi kukanushwa kwa kusema kwamba ni filamu nzuri. Mtoto mgonjwa ni njia ya mkato inayojulikana. Tamthilia za televisheni huitumia kila zinapoishiwa, na mtazamaji mzoefu hujikinga nayo kama anavyojikinga na mwombaji anayejua kulia. Sehemu ya kwanza ya filamu kwa kweli inakwenda karibu sana na njia hiyo. Mwix anasuka uongo wake kwa upendo, wanakijiji wanaupokea, na mtazamaji anacheka. Kicheko hicho ndicho kinachostahili kuangaliwa. Anayecheka amekwisha kukubali kwamba ni halali kumdanganya mtoto anayekufa maadamu anafurahi. Amejiunga na kijiji bila kuulizwa. Mpaka hapo filamu haijamwomba machozi. Imemwomba ushirika.

Kisha Jo anaonyesha kwamba anajua. Anajua hana nguvu zozote, na anajua atakufa. Tukio hili halina kelele, wala halikupewa muda mrefu, lakini linageuza kila kilichotangulia. Mtu aliyekuwa akidhaniwa kuwa ndiye hadhira ya igizo anabainika kuwa mwigizaji wake mkuu: ni yeye aliyekuwa akiwafurahisha wakubwa kwa kukubali kudanganywa. Mtazamaji aliyecheka pamoja na kijiji anajikuta amefumaniwa pamoja nacho. Machozi yakitoka baada ya hapo, chanzo chake kimehama kutoka kwenye ugonjwa, ambao ulijulikana tangu mwanzo, hadi kwenye aibu. Mwitiko huo hauwezi kuelezwa kwa kutaja dhamira ya upendo wa jamii au ya mshikamano, ingawa dhamira hizo zimo. Unaelezeka tu kwa kufuata mpangilio wa matukio na kuonyesha mtazamaji alikuwa amewekwa upande gani kabla ya kugeuziwa kibao.

Wolfgang Iser anapozungumzia mapengo ambayo msomaji huyajaza mwenyewe, mfano wake ni maandishi. Katika Supa Modo pengo ni lile la kutojua Jo anajua kiasi gani, na filamu inamwacha mtazamaji alijaze vibaya. Kosa la mtazamaji ni sehemu ya fani. Hii ndiyo tofauti kati ya filamu hii na zile zinazoliza kwa muziki wa vinanda peke yake. Zile huliza kwa kuongeza, na hii huliza kwa kusahihisha.

Hata hivyo, filamu haitendi haki kwa kila mtu, na mwitiko wa mtazamaji makini hulitambua hilo hata pale uchambuzi wa vipengele unapopita kimya. Mama yake Jo amepewa nafasi ya kipingamizi. Anakataza, anakasirika, anamlaumu Mwix. Filamu inangoja abadilike ili kisa kisonge mbele. Lakini sababu zake ni nzito. Mwili wa Jo ni dhaifu, na kila mchezo una gharama. Zaidi ya hayo, huyu ni mkunga. Ni mtu ambaye mikono yake huwapokea watoto wa wenzake wanapoingia duniani, naye anarudi nyumbani kumwangalia wake akitoka. Kinaya hicho kimewekwa ndani ya filamu, kinaonekana, kisha kinaachwa. Muswada, ulioandikwa na Silas Miami, Mugambi Nthiga, Wanjeri Gakuru na Kamau Wandung'u, una pilikapilika nyingi za kijiji, na baadhi ya vichekesho vya maandalizi ya filamu vingeweza kupunguzwa ili mkunga huyo apewe dakika mbili tatu zaidi peke yake na kazi yake. Marrianne Nungo, anayemwigiza, anafanya kwa uso na ukimya mengi ambayo muswada haukumpa maneno yake.

Yafaa pia kumtazama mama huyu kama aina ya mtazamaji. Mwix na Mike ni watazamaji wanaoingia ndani ya picha. Yeye ni mtazamaji anayekataa kutazama. Haoni kwa nini filamu iwekwe kati yake na binti yake katika siku zilizobaki. Kukataa kwake ni mwitiko kamili, na yeyote aliyewahi kuondoka sebuleni tukio la msiba lilipoanza kwenye runinga anauelewa. Uhakiki unaohesabu waliovutiwa tu humwacha mtu wa namna hii nje ya hesabu, ilhali yeye ndiye anayejua picha ile ina uzito gani.

Lipo suala jingine ambalo mtahini angelidai. Supa Modo ilitokana na ushirikiano wa One Fine Day Films ya Ujerumani na Ginger Ink ya Nairobi, mpango uleule uliozaa Nairobi Half Life, nayo ilipata kutajwa kwa heshima huko Berlin katika kitengo cha filamu za watoto na vijana. Je, machozi ya Berlin na machozi ya Nairobi ni mamoja? Kisa cha kijiji cha Kiafrika chenye umoja na ucheshi kinaweza kupokewa ugenini kama faraja ya aina fulani, na hapana shaka kwamba sehemu ya sifa zake imetoka huko. Lakini ukumbi wa Mike haufasiriki kwa urahisi kupitia maandishi yaliyowekwa chini ya picha. Anayesoma manukuu huona kijana anayeonyesha filamu. Aliyekulia kwenye kibanda umiza husikia fanani akifanya kazi yake, na hutambua kwamba kijiji hiki hakikuanza kutengeneza filamu siku Jo alipougua. Kilikuwa kikizitengeneza upya kila jioni. Jauss angesema ni pegeo mbili tofauti za matarajio. Kwa lugha ya kawaida, ni watu wawili waliotazama filamu mbili kupitia picha zilezile.

Kwa upande wa televisheni mambo hubadilika kidogo, nayo hayahitaji maelezo marefu. Tamthilia ya mfululizo, kama Maria iliyoanza kurushwa na Citizen TV mwaka 2019, haina mwisho wa jioni moja. Mwitiko wake hukatwa vipande na kusambazwa siku ya pili kazini, sokoni na kwenye simu, hivyo mtazamaji hupata nafasi ya kusahihishwa na wenzake kabla sehemu inayofuata haijaanza. Supa Modo haitoi nafasi hiyo. Inamfumania mtazamaji na kumwacha na dakika chache tu.

Dakika hizo zinatumika hivi. Kijiji kinakusanyika kuitazama filamu kilichoitengeneza. Jo yumo kwenye picha, ana nguvu zote alizozitamani, na hayumo tena miongoni mwa waliokaa. Watu wa Maweni wanajua hila zote za kile wanachokiona, kwa kuwa ni wao waliozifanya; hakuna anayeweza kudanganywa. Bado wanatazama. Mtazamaji wa nje, aliyeketi mbali na ukumbi huo, anakiona kitambaa na nyuso kwa pamoja, na anapaswa kuamua macho yake ayaelekeze wapi. Katika nyuso hizo umo uso wa mama, ambaye kwa muda mrefu wa filamu alikuwa amekataa kutazama.