Karatasi Moja na Ilimu ya Vipeo

Mnamo mwaka 1998, Serikali ya Kenya na Shirika la Japani la Ushirikiano wa Kimataifa zilipoanzisha SMASSE, mradi wa kuwanoa upya walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, Kakamega ilikuwa miongoni mwa wilaya tisa zilizotangulia kuujaribu, pamoja na jirani zake Lugari na Butere-Mumias. Walimu walihimizwa waanze na tendo la mwanafunzi mwenyewe, wala si kanuni iliyokwisha kuandikwa ubaoni, na vifaa vikikosekana wavibuni kwa vitu vilivyo karibu. Mada ya vipeo, ambayo katika mtaala wa 8-4-4 iliwekwa kidato cha pili, yafaa sana kuupima mwongozo huo, kwani aghalabu kanuni zake hukaririwa kabla ya kufahamika.

Kifaa ni karatasi iliyochanwa katika daftari kuukuu. Kabla haijakunjwa, mwalimu huuliza ina tabaka ngapi, naye mwanafunzi hujibu moja. Ikikunjwa mara ya kwanza huwa mbili, ya pili nne, ya tatu nane, na kila jawabu huandikwa mkabala na idadi ya mikunjo. Hapo ile kanuni iwatatizayo wengi, kwamba namba yoyote isiyo sifuri ikipewa kipeo sifuri ni sawa na moja, haiji tena kama amri, bali imekwisha kukaa katika mstari wa kwanza wa jedwali: mikunjo sifuri, tabaka moja. Kisha mwalimu stadi huwageuza watazame uso wa karatasi, ambao umekuwa nusu, robo, halafu thumuni, na hivyo ndivyo vipeo hasi; na kwa kuwa karatasi haikuongezwa wala kupunguzwa, tabaka nane zikizidishwa kwa thumuni ya uso huirudisha nzima, yaani 2³ × 2⁻³ = 2⁰.

Wako wapendao punje za mahindi zinazorudufishwa mraba kwa mraba juu ya ubao wa shatranji, hesabu ambayo mwanachuoni al-Biruni aliikokotoa yapata miaka elfu moja iliyopita. Gorogoro zima humalizika kabla ya kwisha safu ya pili, na darasa hustaajabu kwa haki. Lakini mraba wa kwanza huitwa wa kwanza ilhali kipeo chake ni sifuri, na punje haigawanyiki kwa wepesi. Mimi naikadimisha karatasi.

Karatasi nayo ina mpaka wake, maana ile ya daftari hugoma kwenye mkunjo wa sita au wa saba. Britney Gallivan wa Marekani, aliyefika mara 12 mwaka 2002, alihitaji karatasi ndefu mno. Mwalimu na auendeleze mkunjo huo kwa kalamu: unene wa milimita 0.1 ukirudufishwa mara 26 hupita mita 6,700, ilhali Mlima Kenya una 5,199.

Mwisho karatasi na ikunjwe kwa mbili mara mbili, kisha kwa tatu mara moja. Mwanafunzi aliyejumlisha vipeo akaandika 2³ au 3³ atahesabu tabaka 12, wala si 8 wala 27, na yampasa aachwe aeleze sababu kwa maneno yake kabla mwalimu hajashika chaki.