"Ndugu" wa Nani? Mhakiki Mbele ya Magazeti ya Zamani

Wahakiki wenzangu, naomba nianze kwa kukiri kosa. Katika semina moja ya fasihi nilisimama kifua mbele nikadai kwamba mwandishi wa riwaya fulani ya miaka ya 1970 anamkejeli meneja wake kwa kumwita "Ndugu" kila anapomtaja. Hoja nikaipamba: kitambi, gari la shirika, halafu eti "Ndugu"! Darasa likacheka. Mwenzetu mmoja akaniuliza swali dogo tu: "Wakati ule, nani hakuitwa Ndugu?" Nikatoka kapa. Ndipo nikaenda kulitafuta jibu kwenye magazeti ya zamani.

Tuanze na Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Humo heshima hubebwa na "Bwana". Neno "ndugu" lipo, ila kwa kawaida lina mwenyewe: ndugu yangu, ndugu zetu. Ni neno la damu, au la mtu anayemsogeza mwenzake karibu.

Sasa ruka hadi Uhuru, gazeti la TANU lililoanza mwaka 1961, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Kumbe neno limevaa herufi kubwa na kukaa mbele ya majina! Waziri ni Ndugu, katibu wa tawi ni Ndugu, na msomaji mwenye dukuduku lake naye anaanza, "Ndugu Mhariri". Si ajabu, kwani ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa kuwaona binadamu wote kuwa ndugu zake. Tena neno hili lilikuwa na sifa ambayo Bwana na Bibi hawana: halikumtenga mwanamume na mwanamke.

Basi kejeli yangu iko wapi? Ikiwa kila mtu anaitwa Ndugu, kumwita meneja hivyo si kumcheka. Ni kumtaja tu. Kama mwandishi angetaka kutushtua kwa jina la heshima, angemwita "bwana mkubwa". Nilikuwa nimelisoma neno la jana kwa sikio la leo, sikio lililozoea "Mheshimiwa", ambalo lilitamba baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Ndani ya CCM "Ndugu" bado linasikika; huko nje tunalisikia zaidi kwenye hotuba: "Ndugu wananchi..."

Lakini tusikimbilie kosa la pili, la kudhani kwamba gazeti ni mdomo wa mtaa. Uhuru lilikuwa gazeti la chama, na lugha yake ilifuata msimamo wa chama. Mtaa nao ulikuwa na kiwanda chake cha maneno. Ndiko lilikotoka "undugunaizesheni", yaani kupeana kazi na vyeo kwa kujuana. Shina ni lilelile, mkia umeazimwa kwa Mwingereza. Watu walijua vizuri kuwa kuna ndugu wa jukwaani na ndugu wa kweli wa bosi.

Wala tusidhani kwamba Kiswahili chenyewe ndicho kilichodai "Ndugu". Ng'ambo ya mpaka, Taifa Leo la Kenya linaendelea na Bw na Bi zake. Lugha ni moja, siasa mbili.

Nimejifunza nini? Kwanza, ukilikuta neno hili tazama linafuatwa na nini. Likifuatwa na jina la mtu, ni cheo. Likifuatwa na "yangu", ni ombi au mapenzi. Pili, usiishie ukurasa wa kwanza. Barua za wasomaji, matangazo madogo na tanzia ndiko watu wasio na madaraka wanakotajwa na kutajana. Tatu, sisi wanafunzi tumezoea kukimbilia dhamira na migogoro ya kitabaka kabla hatujauliza neno lilikuwa na uzito gani siku lilipoandikwa. Huko ni kujenga ghorofa bila msingi, jamani.

Niliirudia ile riwaya. Safari hii sikumwangalia meneja, nilimwangalia dereva wake, anayemsubiri juani huku meneja akila hotelini. Naye anaitwa Ndugu, katika ukurasa uleule! Nilikuwa nimempita bila kumwona. Kejeli ipo, tena kali kuliko ile niliyoitangaza semina, ila haimo katika neno. Imo katika neno moja kuwekwa mbele ya sahani mbili, moja imejaa na nyingine haipo.

Yule mwenzetu aliyeniuliza swali, namshukuru. Ndugu yangu, nakudai chai.