Namna ya Kumpima Mlezi wa Kiroho

Singida hakuna uhaba wa watu wa kukushauri. Mlutheri ana mwinjilisti wa mtaa na wazee wa kanisa, Mkatoliki ana katekista wa kigango na jumuiya ndogondogo, na kijana mwenye simu ana wahubiri wa kila namna mkononi mwake. Kazi ni kumtambua yule ambaye hekima yake imekomaa. Mnunuzi mzoefu wa nafaka haridhiki na punje za mdomoni mwa gunia. Huchoma bambo ubavuni azione za katikati. Mlezi naye asipimwe kwa mahubiri ya Jumapili pekee.

Anza na waliopita mikononi mwake. Ushahidi huu ni mzito kuliko mwingine wowote, na ndio tunaousahau. Wako wapi leo vijana aliowafundisha kipaimara? Ndoa alizozisuluhisha zina hali gani? Ukikuta watu wanaosali wenyewe, wanaoamua na kuyabeba matokeo ya uamuzi wao, hapo pana ulezi. Ukikuta watu wazima wasiothubutu kuuza mbuzi bila kumpigia simu, kaa mbali. Barnaba alimpokea Sauli wakati wanafunzi wa Yerusalemu wakimwogopa, akamfuata hadi Tarso akamleta Antiokia. Baadaye Sauli huyo akamzidi jina, naye Barnaba akaendelea kulea: akamchukua Marko, ambaye Paulo alikuwa amemkataa.

Iramba, mkoani Singida, wanajua kwa historia yao namna mlezi anavyowaachia wengine kazi. Wamisionari wa Leipzig walifika huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vikawaondoa Wajerumani, na katika miaka ya 1920 Walutheri wa Augustana kutoka Marekani wakaishika kazi. Nao waliondoka kwa wakati wao. Leo KKKT Dayosisi ya Kati, yenye makao yake Singida, inaongozwa na wenyeji. Mlezi wa kweli hulea akijua ataondoka.

Kisha tazama anavyokosoa. Apolo alipofika Efeso alikuwa msemaji hodari mwenye maarifa yenye pengo. Prisila na Akila walimsikia akinena katika sinagogi, wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakumwaibisha mbele ya watu, wala hawakumwacha aendelee kupotoka kwa kuogopa kumuudhi. Mshauri anayekukaripia hadharani anajenga jina lake. Anayekusifu tu hajakupenda vya kutosha. Sikiliza pia anavyowataja wengine: akikusimulia siri ya fulani ili upate funzo, yako nayo itasimuliwa.

Katika ndoa tunakosea zaidi. Wasimamizi huchaguliwa kwa gari, kwa mchango, kwa kupendeza pichani. Miezi sita baadaye wanandoa wamegombana na hawajui wampigie nani. Wasimamizi wazuri ni wale waliowahi kukosana wao wenyewe wakapatana, na ambao nyumbani kwao unaweza kubisha hodi saa tatu usiku bila miadi.

Umri hausemi yote. Eli alikuwa mzee na kuhani, akashindwa kuwazuia wanawe. Hata hivyo Samweli alipomkimbilia usiku akidhani ndiye anayemwita, Eli hakujifanya mwenye sauti ile. Alimrudisha kitandani na kumfundisha namna ya kumjibu Mungu. Kwangu hicho ndicho kipimo cha juu kabisa: mlezi anakuelekeza kwa Mungu au kwake mwenyewe?

Yapo makosa yasiyohitaji kupimwa mara mbili. Anayedai fedha kabla ya kukuombea, anayekukataza kumuuliza mtu mwingine, anayemwita binti ashauriwe chumbani mlango ukiwa umefungwa: hao waachwe siku hiyohiyo, na viongozi wa kanisa waambiwe.

Wewe wa Kiomboi, Ikungi au Itigi unayetafuta mlezi, usimwombe mtu leo kwa sababu mahubiri yake yalikutoa machozi. Mpe msimu mmoja, tangu kupanda alizeti hadi kuiuza. Msaidie kupalilia, uone anavyowalipa vibarua, anavyosema na mkewe akiwa amechoka, anavyopokea habari ya bei kushuka. Ukiridhika, nenda kwake na swali moja la kweli linalokusumbua, ukae usikilize.